Kusoma Nembo za Taifa: Uhakiki wa Hifadhi ya Kidijitali ya Kanada

Katika safu hii ya uhakiki tumezoea kusoma riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Mara hii tunaomba ruhusa yenu tusome kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukihesabu kuwa ni matini, yaani nembo, mabango, stempu na majalada ya vitabu.

Tumesukumwa na jambo lililotuumiza. Miaka michache iliyopita, ghala la vifaa la idara moja tunayoifahamu lilisafishwa ili kupisha madawati mapya. Vilivyotolewa ni chati za ukutani za ngeli za nomino, zilizochorwa kwa mkono na walimu waliokwisha kustaafu, pamoja na mabango ya makongamano ya zamani na majalada ya vitabu vya kiada ambavyo havichapishwi tena. Vyote vilichomwa moto pamoja na majani makavu ya uwanjani. Hakuna aliyefanya hivyo kwa nia mbaya. Aliyepewa kazi aliona karatasi kuukuu, na sisi tuliopita karibu tuliona moshi tu. Baadaye tulipotaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi ngeli zilivyokuwa zikifundishwa kabla ya kompyuta kuingia darasani, hatukuwa hata na picha ya chati moja.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Baada ya kujuta, tulianza kuuliza jinsi mataifa mengine yanavyohifadhi kazi za wasanifu wao wa michoro. Makala haya yanahakiki mfano mmoja, nao ni hifadhi iitwayo Canada Modern. Tumeuchagua kwa sababu Kanada, kama nchi zetu, ni taifa lenye lugha nyingi lililolazimika kuamua alama zake ziseme kwa lugha gani. Dai letu ni moja. Hifadhi inayotunza picha bila kutunza lugha iliyoizaa picha hiyo imetunza nusu tu, na nusu iliyobaki ni kazi ya walimu na wanafunzi wa lugha.

Hifadhi yenyewe

Canada Modern ilianzishwa na msanifu wa michoro Blair Thomson mwishoni mwa miaka ya 2010. Ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mkusanyiko wa vitu halisi, kama vile mabango, vitabu, vipeperushi na miongozo ya matumizi ya nembo. Sehemu ya pili ni tovuti inayoonyesha picha za vitu hivyo, na hiyo ndiyo tunayoihakiki hapa, kwa kuwa ndiyo inayomfikia msomaji aliye mbali kama sisi. Kipindi kinachoshughulikiwa hasa ni kuanzia miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980, na mkondo unaoshughulikiwa ni ule wa usasa.

Uchaguzi wa kipindi hicho una sababu za kihistoria. Shirikisho la Kanada lilizaliwa mwaka 1867. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hiyo ilikuwa bado inapeperusha bendera nyekundu yenye bendera ya Uingereza pembeni. Mjadala mkali uliendeshwa bungeni mwaka 1964, na tarehe 15 Februari 1965 ikapandishwa bendera mpya yenye jani jekundu la mti uitwao maple, jani lenye ncha kumi na moja. Mwaka 1967 taifa liliadhimisha miaka mia moja. Nembo ya maadhimisho hayo ilichorwa na kijana Stuart Ash, aliyepanga pembetatu kumi na moja zikafanya umbo la jani lile lile. Kumi zilisimamia majimbo na moja ilisimamia maeneo ya kaskazini. Mwaka huo huo jiji la Montreal liliandaa maonyesho ya dunia, Expo 67, kwa nembo ya Julien Hébert, iliyotokana na alama ya kale ya mtu aliyeinua mikono. Watu hao wamepangwa wawili wawili katika duara.

Kwa hiyo, katika muda mfupi nchi nzima ilibadilisha sura yake. Reli, redio, posta, hati za serikali na michezo vilipata alama mpya. Mtu anayetaka kujua Wakanada wa wakati ule walitaka kujiona vipi, hana budi kusoma alama hizo kama tunavyosoma tamthilia za Kiswahili za miaka iliyofuata uhuru.

Alama moja, lugha mbili

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopata kazi. Mwaka 1969 Kanada ilipitisha Sheria ya Lugha Rasmi, iliyovipa Kiingereza na Kifaransa hadhi sawa katika taasisi za serikali ya shirikisho. Hata kabla ya sheria hiyo, msanifu aliyepewa kazi na shirika la taifa alikuwa anakabiliwa na swali gumu: utaliandikaje jina ambalo raia mmoja analiita hivi na mwenziwe analiita vile, bila kumfanya mmoja wao ajione mgeni nyumbani kwake? Tukizisoma nembo za kipindi hicho kwa jicho la isimu, tunaona njia nne.

Njia ya kwanza ni kutafuta herufi za pamoja. Shirika la reli lilikuwa likijulikana kwa Kiingereza kwa herufi CNR, na herufi ya mwisho ilisimamia neno la Kiingereza la reli. Mwaka 1960 msanifu Allan Fleming wa Toronto, akishirikiana na mshauri James Valkus wa New York, alitoa nembo yenye herufi mbili tu, CN. Ukisema Canadian National umesema Kiingereza, na ukisema Canadien National umesema Kifaransa, lakini herufi ni zile zile. Fleming alizichora kwa mstari mmoja usiokatika, wenye unene ule ule toka mwanzo hadi mwisho, kama njia ya reli. Watu wengi huusifia mstari huo. Sisi tunasifia pia ile herufi iliyoondolewa, kwa kuwa kuondolewa kwake kulikuwa uamuzi wa kiisimu kabla ya kuwa uamuzi wa kuchora.

Njia ya pili ni kushikilia herufi moja. Shirika la utangazaji huitwa Canadian Broadcasting Corporation kwa Kiingereza na Société Radio-Canada kwa Kifaransa. Vifupisho vya majina hayo havilingani hata kidogo. Mwaka 1974 Burton Kramer aliweka herufi C katikati, akaizungushia vipande vyake vilivyomeguka na kutawanyika pande zote kama mawimbi ya redio. C hiyo ni ya Canada, jina ambalo pande zote mbili zinalitumia. Nembo hiyo ilirahisishwa mwaka 1992, lakini kiini chake kimebaki.

Njia ya tatu ni kuacha herufi kabisa. Taasisi ya filamu ya taifa hujulikana kwa herufi NFB kwa Kiingereza na ONF kwa Kifaransa. Mwaka 1969 Georges Beaupré aliichorea umbo la mtu aliyeinua mikono juu ya kichwa. Mikono inafanya umbo la jicho, na kichwa kinakuwa mboni. Hakuna neno la kusoma, wala hakuna lugha ya kuonewa. Bendera ya 1965 nayo imefuata njia hii.

Njia ya nne ni kutumia neno lisilobadilika. Jim Donoahue aliliandika neno Canada kwa herufi za kawaida na kuweka bendera ndogo juu ya herufi a ya mwisho. Serikali ililifanya alama yake rasmi mwaka 1980. Neno hilo huandikwa sawasawa kwa Kiingereza na Kifaransa, ingawa matamshi yake hutofautiana. Kila raia analisoma kwa sauti yake.

Pale ambapo hakuna njia yoyote kati ya hizo iliyowezekana, majina mawili huwekwa ubavu kwa ubavu. Mpango wa utambulisho wa serikali ya shirikisho, ulioanza mwaka 1970, uliweka kanuni za jambo hilo hadi kwenye mpangilio. Katika jimbo la Quebec, Kifaransa hutangulia. Kwingineko Kiingereza hutangulia. Nani atangulie ni swali la sarufi ya heshima, na kila aliyewahi kuandika kadi ya mwaliko wa harusi ya koo mbili analielewa vizuri.

Usasa wa kuchora na usasa wa kutunga

Wanafunzi wetu wa fasihi wanalijua neno usasa kutokana na mgogoro wa ushairi. Upande mmoja walikuwapo waliosimama na vina na mizani, kanuni ambazo Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954. Upande wa pili walikuwapo waliotunga mashairi huru, na diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi, ilitoka mwaka 1974, mwaka ule ule wa nembo ya Kramer. Ni sadfa tu, lakini inaweza kutusaidia kuelewa.

Usasa wa wasanifu wa Kanada ulikuwa na kanuni zake: futa pambo, bakiza umbo, tumia herufi zisizo na vikia, acha nafasi nyeupe ifanye kazi. Mtu anaweza kudhani kwamba huo ni uhuru kama ule wa mashairi huru. Kwa maoni yetu, unafanana zaidi na vina na mizani. Msanifu alifuata mistari ya vipimo iliyopigwa kabla ya kuanza, akaheshimu umbali kati ya herufi na herufi, na mwongozo wa nembo ulimwambia kila mpiga chapa kipi kinaruhusiwa na kipi ni mwiko. Mwanafunzi anayelalamika kwamba arudhi inamfunga angefaidika kwa kutazama mwongozo mmoja wa aina hiyo.

Jambo jingine linalofaa kutajwa ni asili ya watu wenyewe. Kramer alizaliwa New York, akafanya kazi Zurich, kisha akahamia Kanada mwaka 1965. Fritz Gottschalk, aliyefungua ofisi na Stuart Ash huko Montreal mwaka 1966, alitoka Uswisi. Aina ya herufi iliyoteuliwa kwa ajili ya hati za serikali, Helvetica, ilitengenezwa Uswisi mwaka 1957. Ni Carl Dair aliyetoa aina ya herufi ya Kikanada, Cartier, kama zawadi ya maadhimisho ya 1967. Je, urithi huu basi si wa Kanada? Anayefundisha Kiswahili hawezi kubabaishwa na swali hilo. Meza, shule, kitabu na baiskeli ni maneno yetu, na kila moja lilikuja kwa njia yake. Urithi wa taifa hupimwa kwa matumizi, na Canada Modern imefanya vyema kuwaweka wahamiaji hao pamoja na wazaliwa bila kuwatenga.

Yaliyotupendeza

Tuseme wazi kwamba hifadhi hii ni kazi nzuri. Kwanza, imeyatendea haki majina. Nembo nyingi za dunia hii hazina mwenyewe. Watu huziona kila siku bila kujua aliyezichora. Hapa kazi huunganishwa na msanifu wake na mwaka wake, kama shairi linavyounganishwa na malenga wake. Pili, picha zimepigwa kwa uangalifu, na mtazamaji huona karatasi, rangi na ukubwa wa umbo. Tatu, hifadhi haikusubiri serikali. Mtu mwenye mapenzi na kazi yake alianza kukusanya vitu ambavyo vingeishia jalalani.

Hilo la tatu ndilo lililotugusa zaidi, kwa sababu ya lile ghala tulilolitaja mwanzoni. Kitu cha karatasi kilichotengenezwa kwa ajili ya matumizi ya siku chache hakina mtetezi. Kitabu kina maktaba, sanamu ina makumbusho, lakini bango la kongamano likishapita siku yake hugeuka kuwa kifungashio. Huchukua kizazi kimoja tu kwa kumbukumbu ya aina hiyo kwisha kabisa.

Kasoro tatu

Pamoja na sifa hizo, tuna hoja tatu.

Hoja ya kwanza inahusu kipimo. Hifadhi iliyojengwa juu ya usasa huchagua kabla ya kukusanya. Mwaka ule ule wa 1960 ambapo nembo ya CN ilitolewa, mama mmoja wa Kiinuiti, Kenojuak Ashevak, alitoa mchoro wake mashuhuri wa bundi katika karakana ya kuchapisha ya Cape Dorset, mji wa kaskazini ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Kinngait. Mwaka 1970 bundi huyo aliwekwa kwenye stempu ya Kanada. Yaani alikuwa alama ya taifa kama jani la maple lilivyo. Kwetu bundi ni ndege wa mkosi, na wengi wetu tungesita kumbandika kwenye barua ya harusi. Katika mchoro huo manyoya yake yametawanyika kama miale ya jua, na anameremeta. Maana ya alama haimo ndani ya alama peke yake. Imo pia katika kinywa cha anayeisimulia. Basi mtu anayetaka kujua michoro ya Kanada ya 1960 kwa ukamilifu anahitaji kuona reli na bundi kwa pamoja, na kipimo cha usasa kinamwonyesha reli kwanza, na aghalabu reli tu.

Nyuma ya bundi huyo kuna suala la lugha. Wasanii wa Kinngait walitia sahihi zao kwa mwandiko wa silabi, ambao ulianza kutumika miongoni mwa Wakree yapata mwaka 1840 na baadaye ukachukuliwa kwa ajili ya Kiinuktitut. Zile njia nne tulizozisifia zilisuluhisha ugomvi wa lugha mbili zilizotoka Ulaya. Wakati nembo hizo zinachorwa, watoto wa wenyeji asilia walikuwa bado wanapelekwa shule za bweni ambako waliadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilieleza hayo kwa kirefu katika taarifa yake ya mwaka 2015. Hatusemi kwamba Fleming au Kramer walikuwa na hatia hiyo. Tunasema kwamba alama inayojitangaza kuwa ya wote inapaswa kusomwa pamoja na wale ambao haikuwauliza.

Hoja ya pili inahusu wasomaji. Hifadhi inatuonyesha nembo ikiwa safi, katikati ya nafasi nyeupe, kana kwamba haikuwahi kubandikwa kwenye behewa lenye vumbi. Raia walisema nini walipoiona mara ya kwanza? Waliibatiza majina gani? Walicheka? Katika fasihi simulizi tunafundisha kwamba utendaji bila hadhira haujakamilika. Nembo nayo ina hadhira, na maneno ya hadhira hiyo hupotea upesi kuliko karatasi. Maneno ya dereva wa treni na ya mama aliyekuwa akitazama televisheni jioni yangefaa kukaa kando ya picha.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo inahusu jinsi hifadhi ya kidijitali inavyofanya kazi. Wengi hudhani kwamba kazi inaisha ukishapiga kitu picha. Lakini kwa mtafutaji, picha ni bubu. Hupatikana kwa sababu mtu fulani ameketi na kuandika chini yake: hiki ni nini, kimetengenezwa na nani, mwaka gani, kwa ajili ya nani, kinasema nini. Maelezo hayo ndiyo mlango. Yakiandikwa kwa lugha moja, mlango umefunguliwa kwa wenye lugha hiyo. Nembo iliyochorwa ili isimpendelee Mwingereza wala Mfaransa inapoingia hifadhini, mara nyingi hutambulishwa kwa lugha moja, na ule usawa aliouhangaikia msanifu hupotea mlangoni. Vivyo hivyo kwa mwandiko. Herufi za silabi za Kanada ziliingizwa katika mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, Unikodi, mwaka 1999. Tangu hapo inawezekana kuziandika na kuzitafuta. Kinachohitajika ni mtu anayezijua na kuzithamini.

Somo kwetu

Tugeukie nyumbani. Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tunaishi katika wakati unaofanana kidogo na ule wa Kanada ya miaka ya 1960. Tangu mwaka 2005 Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha matumizi yake kama lugha rasmi. Pale uamuzi wa aina hii unapotekelezwa, unafika mlangoni, yaani kwenye vibao vya ofisi, fomu, nembo na mabango. Ni nani atakayekaa na msanifu na kumwambia kwamba kifupisho fulani kinafaa kwa lugha zote mbili na kingine hakifai? Ni nani atakayeamua jina lipi litangulie? Mfano wa CN unatuonyesha kwamba mtaalamu wa lugha anahitajika kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kumwita baadaye ili asahihishe tahajia ni kumchelewesha.

Tena tunao urithi ambao hakuna taifa moja linaloweza kuudai peke yake. Katika miaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia stempu za pamoja. Majina ya nchi hizo tatu yaliandikwa kwenye stempu moja, na mpangilio wake ulibadilishwa kutoka toleo hadi toleo. Mara Kenya ilitangulia, mara Uganda, mara Tanzania. Wasanifu wa stempu hizo walikuwa wanatatua kwa karatasi ndogo kama ukucha tatizo lile lile la Quebec. Reli, posta na ndege za pamoja zilikuwa na vibao, tiketi, sare na ratiba zake. Vitu hivyo leo vimo katika masanduku ya wazee wetu kutoka Mombasa hadi Kasese. Hifadhi ya taifa moja itavikata vipande vitatu. Hifadhi inayofuata lugha ingeviweka pamoja.

Kuhusu lugha ya maelezo, kazi yetu iko wazi. Kiswahili kina maneno nembo, chapa, bango, jalada na kibao, na walimu wanaweza kuyawekea mipaka. Nembo na chapa hutofautianaje? Tutasema aina ya herufi, fonti, au mwandiko? Mjadala huo tunaufanya darasani kwa mifano ya kubuni. Afadhali tuufanye kwa kitu halisi kilichoshikwa mkononi.

Wala gharama isitutishe. Simu ya mkononi yenye kamera nzuri inaweza kuanza kazi hiyo, mradi mwanga utoke pande mbili, kitu kilazwe bapa, na rula iwekwe kando ili ukubwa uonekane. Picha ihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, kwa sababu kompyuta huibwa na diski huharibika. Kisha mwanafunzi aandike maelezo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine iliyomo kwenye kitu chenyewe. Akishamaliza, amtafute mzee mmoja aliyekitumia na kumrekodi, kwa ridhaa yake, akikieleza. Kitu halisi kisitupwe baada ya kupigwa picha, maana picha haina harufu ya wino wala alama ya kidole.

Maswali ya majadiliano darasani

1. Chagua nembo moja ya taasisi ya umma nchini mwako. Eleza inatumia njia ipi kati ya zile nne, au kama imebuni ya tano.

2. Andika maelezo ya utambulisho ya bango moja la Kiswahili kwa maneno yasiyozidi mia moja. Mpe mwenzako asome bila kuona bango, achore anachoelewa. Linganisheni.

3. Je, nembo ni matini? Jibu kwa kurejelea vipengele vya hadhira na muktadha.

4. Mhoji mtu mmoja aliyefanya kazi katika mashirika ya Jumuiya ya zamani. Ni alama gani anayoikumbuka, na watu waliiita nini?

Tunahitimisha kwa ombi. Idara yoyote inayokusudia kusafisha ghala lake mwaka huu itufahamishe kwanza. Tutakuja na wanafunzi wawili, rula na simu. Chati zile za ngeli zimekwisha kwenda, na hakuna uhakiki utakaozirudisha. Lakini bado kuna walimu wastaafu wanaokumbuka jinsi walivyozichora, rangi waliyoitumia kwa ngeli ya A-WA, na sababu ya kuichagua. Tungependa kuwasikiliza mapema.